Sura ya Saba: Farasi Aliyelala Vizuri

Sajenti Bríd Hanratty alifungua mlango wa gari na mguu wake wa kwanza ukaingia moja kwa moja kwenye dimbwi. Mwenzake, Konstebo Cathal Moyles, ambaye ndiye aliyeegesha, alikodoa macho mbele kama mtu anayesali.

"Ua mzima huu," Bríd akasema, "na wewe ukachagua hapa."

"Samahani, Sajenti. Nilidhani ni kivuli."

"Kivuli. Wicklow. Mwezi wa Novemba. Kivuli cha jua lipi, Cathal?"

Nuala Tallon alikuwa akiwangoja chini ya paa la mabanda, mikono mifukoni, mdomo umefungwa kama mfuko wa saruji. Ua ulikuwa wake, nao ulikodisha farasi kwa watu wa filamu na televisheni. Karibu kila vita iliyopiganwa kwenye skrini za Ireland tangu Nuala akiwa msichana, ilipiganwa na farasi wake. Wamekufa kishujaa kwa mishale, kwa mizinga na kwa mapanga ya mpira, kisha wakarudi nyumbani kula shayiri.

Lakini safari hii aliyeumia ni mtu, tena kweli. Lorcan Quigg, mpanda farasi wa ua huo, alikuwa hospitalini Dublin, na madaktari hawakuwa na uhakika kama miguu yake ingefanya kazi tena. Kampuni ya bima ya filamu ilishatoa uamuzi: farasi aliyemwangusha amerukwa na akili. Mkataba uliwapa haki ya kuamua hivyo. Daktari wa mifugo angekuja siku hiyo baada ya chakula cha mchana, na sindano.

"Umekuja kumuaga?" Nuala akauliza.

"Nimekuja kumhoji."

"Hasemi."

"Hata wewe husemi, na bado nakuhoji."

Cathal akakohoa ili asicheke. Nuala akageuka, akawaongoza.

Farasi alikuwa kwenye banda la mwisho: mweusi tii, mrefu, na mstari mweupe usoni kuanzia kwenye paji hadi puani. Aliwatazama wageni kama mzee wa kanisa anavyowatazama wanaochelewa ibada. Juu ya mlango kulikuwa na kibao: KASISI.

"Nani alimpa jina?"

"Marehemu baba. Alikuwa amegombana na kanisa. Tuna Kasisi na tuna Shemasi. Kwenye filamu wanaigiza farasi mmoja. Kasisi anakimbia, Shemasi anaanguka."

"Anaanguka vipi?"

"Kwa kufundishwa. Unavuta hatamu ya kushoto kwa nguvu, unaegemea, naye anajilaza kwa ubavu hata kama yuko mbioni. Ila tunamtengenezea kitanda kwanza. Tunachimba, tunajaza mchanga na vumbi la mbao. Shemasi haanguki penginepo."

"Na Kasisi ukimvuta kushoto?"

"Anakata kona. Basi. Ndiyo maana siku ile Lorcan alipewa Kasisi. Anaigiza mjumbe: anakuja, anafika darajani, anakata kona kushoto." Akasukuma jani kwa ncha ya buti. "Akaanguka naye kwenye changarawe."

Bríd alimwangalia farasi. Farasi akaanza kusugua uso wake kwenye nguzo ya mlango, taratibu, kwa bidii, kama mtu mwenye upele.

Cathal alitoa mfuko wa plastiki kwenye koti lake. Ndani mlikuwa na mwiba wenye urefu wa kidole.

"Huu ulikutwa kwenye kitambaa cha chini ya tandiko," akasema, na sauti yake ikawa na sherehe kidogo. Mwiba huu alikuwa ameutunza tangu juzi kama pete ya uchumba. "Mtu akiuweka pale, mpanda farasi akikaa..."

"Konstebo," Nuala akamkatiza, "njoo hapa."

Akamvuta hadi chumba cha matandiko, akageuza vitambaa vinne, kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa na miiba ya namna ile ile. Njia ya kwenda darajani inapita katikati ya vichaka vya miiba hiyo, na kila farasi anayepita hurudi na mzigo.

"Halafu farasi akichomwa anaruka," akaongeza. "Anapiga mateke, anakurusha hadi kwa jirani. Halali chini. Wewe ukikalia mwiba unalala?"

"Inategemea na jana yake," Cathal akajibu, akaurudisha mwiba mfukoni kwa huzuni.

*

Orlaith Dunphy aliwapaka farasi rangi. Ndiyo kazi yake. Alikuwa na sanduku la brashi ambalo bibi harusi yeyote angelionea wivu, na alizungumza huku brashi moja ikiwa baina ya meno yake.

"Mstari ule mweupe ni wako?" Bríd akamwuliza.

"Kila kitu cheupe hapa ni changu, Sajenti. Mwongozaji wa filamu alitaka farasi mwenye mstari usoni. Hatukuwa naye. Nikawapaka wote wawili. Siku ile niliwapaka asubuhi, nikaenda kulala kwenye lori. Nimeamshwa na kelele."

"Rangi hiyo inakaa siku ngapi?"

"Haitakiwi kukaa hata moja. Inawasha. Kazi ikiisha, maji ya uvuguvugu na sabuni, hapo hapo. Nuala ni mkali kwa hilo kuliko kwa kodi ya serikali. Niliwahi kusahau siku moja, alinisema mpaka mbwa wakaondoka."

"Na huyu?"

Orlaith akaitoa brashi mdomoni. "Huyu nini?"

"Huyu wa banda la mwisho. Ajali ilikuwa Jumatatu. Leo Alhamisi. Bado ana mstari."

Orlaith alitazama sakafu. "Nilikwenda kumwosha jioni ile ile. Nuala akanirudisha. Akasema ni ushahidi, asiguswe."

"Nani alimwambia ni ushahidi?"

"Nyinyi, nadhani."

Bríd alimtazama Cathal. Cathal akatikisa kichwa. Hakuna polisi aliyemwambia hivyo.

"Niletee ndoo," Bríd akasema.

Aliosha mwenyewe. Nuala alisimama nyuma yake, na Bríd alisikia pumzi yake ikibadilika kila sifongo ilipopita. Farasi aliinamisha kichwa na kufumba macho kwa raha. Mstari ukachuruzika kama maziwa, ukaingia kwenye majani makavu. Chini yake uso ulikuwa mweusi, isipokuwa katikati ya paji. Hapo palibaki doa jeupe dogo, la ukubwa wa kifungo cha shati. Bríd akalisugua. Halikutoka. Akalisugua tena. Yalikuwa manyoya yake ya kuzaliwa.

"Orlaith," akaita bila kugeuka. "Kasisi ana doa?"

Orlaith alikuwa amesimama mlangoni, amejishika shavu. "Kasisi hana. Kasisi ni mweusi kama moyo wa mwenye nyumba. Mwenye doa ni Shemasi."

Bríd aliikamua sifongo, akaiweka ukingoni mwa ndoo. "Cathal, mpeleke dada huyu akanywe chai."

Walipobaki wawili, Nuala aliketi kwenye bunda la majani. Hakulia. Alionekana kama mtu aliyebeba kabati kwa siku tatu na sasa ameruhusiwa kulitua.

"Ulijua tangu lini?" Bríd akauliza.

"Tangu waliposhusha ngazi ya lori. Siku ile sikuwa darajani, nilikuwa Kildare napeleka farasi wengine. Wakarudi jioni, wakaniambia Kasisi kamwangusha Lorcan. Nikamwona anashuka. Mimi hawa nawajua kwa mwendo, hata uwavalishe magauni."

"Ukanyamaza."

"Farasi akirukwa na akili, ni bahati mbaya. Farasi akibadilishwa, ni mtu amebadilisha. Na anayetandika farasi kwenye kazi za nje ni mmoja tu."

"Ultan."

"Kaka yangu," Nuala akasema, kana kwamba anasahihisha.

"Kwa hiyo ungemwacha Shemasi afe."

"Nilikuwa bado nafikiri."

"Daktari yuko njiani, mama. Umebakiza muda mchache sana wa kufikiri."

"Labda alikosea tu. Uso mmoja, rangi moja, mvua..." Nuala aliinua macho. "Mtu anaweza kukosea, Sajenti. Sema anaweza."

Bríd aliinua ndoo, akaimwaga uani.

*

Jikoni Cathal alikuwa amefungua kompyuta juu ya meza, kati ya birika na mkate wa magadi. Kamera kuu ilikuwa ikimfuata Lorcan, lakini kamera ya pili, ndogo, ilikuwa imewekwa mbali upande wa pili wa daraja, ikiwapiga wote. Watu wa bima walikuwa wameitazama mara nyingi, lakini walimtazama mpanda farasi tu.

"Weka tena," Bríd akasema. "Safari hii usimwangalie Lorcan. Mwangalie farasi."

Farasi alikuja mbio kwenye changarawe. Lorcan akavuta hatamu kushoto. Farasi akajikunja, akalala ubavu, na Lorcan akarushwa kwenye ukuta wa daraja. Watu wote wakamkimbilia.

"Sasa?"

"Amelala," Cathal akasema.

"Bado amelala. Farasi aliyejikwaa anafanya nini?"

"Anainuka. Anakimbia kama amemwona marehemu babu yake."

"Huyu ameweka kichwa chini. Hatikisi hata sikio. Cathal, huyu hakuanguka. Huyu amefanya kazi yake, na anangoja aambiwe imekwisha."

Kwenye kioo kundi zima lilikuwa limemzunguka Lorcan, makoti ya mvua ya bluu, kofia zimevutwa hadi machoni. Kampuni ya filamu iligawa makoti yale kwa kila mtu, kuanzia mwongozaji hadi mpishi, na kwa mbali walikuwa kama kundi la watawa. Ila koti moja halikwenda kwa Lorcan. Lilikwenda kwa farasi. Likachutama, likamgusa begani, likampa kitu mdomoni. Farasi akainuka, akitafuna.

"Anampa nini?" Cathal akauliza.

"Rudisha nyuma. Rudisha mpaka kabla hajaanguka. Mtafute yule yule, pale kwenye uzio."

Cathal akarudisha. Mtu wa koti la bluu alisimama kwenye uzio. Farasi alikuwa bado yuko mbali, anakuja. Mtu yule akatia mkono mfukoni, akatoa kitu kidogo, akakimenya karatasi. Kisha akangoja, kitu kikiwa kiganjani.

Nuala alikuwa amesimama nyuma yao, hakuna aliyemsikia akiingia.

"Peremende," akasema. "Unaimenya mapema, maana vidole vikiloa inashikamana na karatasi. Akilala tu unampa. Ukichelewa, safari ijayo hatalala. Baba alitufundisha hivyo kabla hatujajua kusoma."

"Nani yule, Nuala?"

"Koti la bluu. Makoti yote ya bluu."

"Nimekuuliza jina."

Nuala aliifuta meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na uchafu. Nje gari liliingia uani, likapiga dimbwi lile lile.

*

Daktari Fintan Roche alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mkoba mweusi. Bríd alikwenda kumpokea peke yake, akasimama naye kidogo chini ya mwavuli, wakaongea. Kisha wote wakaenda banda la mwisho.

Ultan Tallon alikuwa tayari pale na kamba mkononi. Mtu wa makamo, mkavu, nyonga zote mbili zimetiwa chuma baada ya miaka mingi ya kuanguka kwa niaba ya waigizaji maarufu. Tangu majira ya kuchipua kampuni za bima zilikataa kumruhusu kupanda. Maanguko yote alipewa Lorcan. Ultan akabaki kutandika na kulisha.

"Bibi polisi," akasalimu. "Naona mmemwosha. Mlitaka azikwe safi?"

"Nilitaka kumjua jina. Kwenye maelezo yako ulisema ulikuwa nyuma ya lori unapika chai."

"Mtu anapika chai, nayo ni kosa?"

"Na ulimtandika nani?"

Ultan alitazama doa kwenye paji la farasi. Hakushtuka, alikuwa na muda wa kujiandaa. "Nimeona sasa. Nilikosea. Rangi ile ile, mvua inanyesha, mzee mwenyewe macho yamechoka. Niandikieni uzembe."

"Uzembe," Bríd akarudia. "Sawa. Bima hawajali doa. Farasi kamvunja mtu, yuleyule anapigwa sindano. Daktari?"

Daktari Roche aliweka mkoba juu ya bunda. "Nimeambiwa huyu anajua kulala akiagizwa. Itakuwa vizuri akilala kwanza. Hatajiumiza. Nani anaweza kumlaza?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nuala alisimama mlangoni mwa banda, mkono wake umeshika komeo.

"Kaka," akasema. "Daktari anakuuliza."

Ultan alifungua mlango, akaingia. Shemasi akamnusa kifuani, akamnusa mfukoni, akapuliza. Ultan akashika hatamu ya kushoto. Farasi alitanua miguu kidogo, akageuza sikio moja nyuma, akajiweka tayari. Alikuwa bado hajavutwa, lakini tayari alikuwa ameanza kukunja goti, kwa hamu, kama mtoto anayejua jibu darasani.

"Simama," Ultan akamnong'oneza. "Simama, wee mpumbavu."

"Mlaze," Bríd akasema.

"Siwezi."

"Mbona Jumatatu uliweza?"

"Jumatatu sikumlaza mimi! Lorcan ndiye aliyevuta!" Ultan aliiachia hatamu. Uso wake ulikuwa umekuwa mwekundu hadi kwenye masikio. "Nilitaka achekwe tu. Walipanga akate kona kwenye majani, kwenye tope, taratibu. Aangukie uso mbele ya kamera, yeye na midomo yake. Kwenye kila gazeti anasema amemfundisha Shemasi. Yeye! Alipokuja hapa alikuwa anamwogopa bata. Halafu gari la kamera likakwama, mwongozaji akahamishia kwenye changarawe, mbio."

"Ungepiga kelele."

"Nilidhani hatavuta kwa nguvu. Nikasema atakata kona kistaarabu, basi yatapita."

"Ulidhani hatavuta," Bríd akasema kwa sauti ile ile aliyotumia kuulizia kivuli cha jua. "Lakini peremende ulikuwa umeshaimenya."

Ultan akatazama kiganja chake cha kulia kana kwamba bado kimeshika kitu.

"Mlikuwa mnamtazama Lorcan," akasema mwishowe, polepole. "Wote. Mimi pia nilimtazama, nawaapia. Lakini Shemasi alikuwa amelala pale kwenye mawe, ananingoja. Alianguka vizuri, Sajenti. Hajawahi kuanguka vizuri vile. Ningemwacha?"

Nuala akafumba macho.

"Yule wa koti la bluu ni Ultan," akasema. "Mliniuliza jina. Niandikieni nimesema mimi."

Cathal aliandika, kisha akatoa pingu. Bríd akamkataza kwa kidole. Mwenye nyonga za chuma hakimbii. Daktari Roche alichukua mkoba wake, akaufungua, akatoa sandwichi ya nyama, akaanza kula. Hakukuwa na kitu kingine ndani.

Nuala alimtazama daktari. Kisha akamtazama Bríd kwa muda mrefu, na ilikuwa vigumu kujua kama anataka kumshukuru au kumtupia ndoo.

"Na kama angemlaza?"

"Bima wameshaambiwa wasubiri," Bríd akajibu. "Nimewapigia kabla daktari hajashuka garini."

Walimtia Ultan kiti cha nyuma. Alikaa kwa shida, akavuta miguu yake ndani mmoja mmoja kwa mikono. Cathal alipowasha gari, aliomba kioo kishushwe. Nuala alikuwa amesimama kwenye mvua bila kofia.

"Bega la kushoto limevimba," Ultan akamwambia. "Mkande maji ya chumvi. Na usimwangushe kabla ya Krismasi."

"Hataanguka tena," Nuala akasema.

"Filamu ya mwezi wa tatu je? Tumeshawaahidi farasi wa kuanguka."

"Waanguke wao wenyewe."

Akageuka, akarudi mabandani. Ultan alibaki akimtazama hadi kioo kilipopanda.